Valini kwenye nafasi ya sita: shajara ya mradi wa kuiga himoglobini S, Mwanza

Juma la 1: orodha, na mtego wa namba

Mradi unaiga himoglobini ya mtu mzima, protini ya damu inayobeba oksijeni, kwa kompyuta ili kuona jinsi mabadiliko ya HBB, jeni ya mnyororo wa beta wa himoglobini, yanavyogeuza namna molekuli hizo zinavyoshikana. Kwa nini HBB, msomaji wa Kanda ya Ziwa hahitaji kuelezwa sana. Upimaji wa matone makavu ya damu ya watoto wachanga wa kaskazini magharibi mwa Tanzania, uliofanyiwa Bugando na kuchapishwa 2020, ulikuta karibu mtoto 1 kati ya 5 amebeba nakala moja ya sikoseli (selimundu), na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 ana ugonjwa wenyewe.

Mabadiliko tuliyoanza nayo ni sita, yote kwenye mnyororo wa beta: E6V (himoglobini S), E6K (C), E26K (E), E121Q (D-Punjab), E121K (O-Arab) na T87Q. E6V maana yake glutamati (E) ya nafasi ya 6 imegeuka valini (V), na mengine husomwa vivyo hivyo; zote ni asidi amino, vijenzi vya protini. T87Q halikutoka kwa wagonjwa. Lilibuniwa maabara kwa ajili ya tiba ya jeni, na himoglobini iliyo nalo huzuia nyuzi za selimundu zisijengeke. Kwetu ndilo jiwe la kupimia: modeli isiyoona tofauti ya T87Q haina haki ya kuaminiwa kwenye jambo jingine lolote.

Siku mbili za kwanza ziliishia kwenye namba. Mnyororo wa beta ukishatengenezwa hukatwa methionini ya mwanzo, kwa hiyo faili za maumbo huhesabu kuanzia valini inayofuata: selimundu ni E6V. Ripoti za jenetiki na hifadhi ya protini ya UniProt (P68871) huihesabu methionini, na badiliko lilelile huitwa Glu7Val. Tuliandika skripti inayosoma herufi iliyopo kabla ya kubadilisha, na kusimama ikikuta siyo iliyotarajiwa. Kwa 26, 87 na 121 kinga hiyo inafanya kazi. Kwa badiliko lenyewe tunalolihangaikia haifanyi, kwa sababu mfuatano pale ni T-P-E-E-K: nafasi ya 6 ni glutamati na ya 7 ni glutamati. Ukikosea kwa namba moja skripti inakuta E, inaridhika, na inakuundia protini nyingine kabisa. Sasa inasoma herufi tano, siyo moja.

Kuna mtego wa pili kwa wanaotoka upande wa mfuatano wa DNA. HBB husomwa kinyume kwenye kromosomu ya 11. Kodoni inayogeuka kutoka GAG kuwa GTG huonekana kwenye faili la VCF (orodha ya tofauti za DNA) kama T>A, mahali 5227002 pa GRCh38, jenomu ya rejea. Anayetafuta A>T hataiona, na atadhani sampuli zake hazina selimundu.

Juma la 2: umbo la kuanzia

Kutoka hifadhi ya maumbo ya PDB tumechukua 2HBS, kristali ya himoglobini S isiyo na oksijeni, yenye ubayana wa angstromu 2.05. Ndani mna molekuli mbili nzima, yaani minyororo 8 na asidi amino 1,148. Kwa himoglobini A tumechukua 2HHB, angstromu 1.74.

Uzuri wa 2HBS ni kwamba mguso wenyewe unaonekana. Valini ya 6 ya molekuli moja imechomeka kwenye mfuko ulio juu ya mnyororo wa beta wa molekuli jirani, mfuko uliotandikwa Ala70, Phe85 na Leu88, asidi amino zinazokwepa maji. Glutamati, yenye chaji hasi, haiwezi kukaa humo.

Tahadhari kwa atakayerudia: usichukulie kwamba jozi unayoitaka ndiyo iliyowekwa pamoja ndani ya faili. Zalisha kwanza majirani wa kristali, kisha pima kila Val6 dhidi ya kila Phe85 na Leu88, na uchague jozi ambayo kaboni zake ziko ndani ya angstromu 4.5. Katika kila molekuli valini moja tu kati ya mbili ndiyo inayoingia mfukoni. Ya pili inatazama maji. Jaribio letu la kwanza lilitumia jozi isiyo sahihi, na kwa siku nzima tulikuwa tukipima valini isiyogusa kitu.

Chaji za histidini zilikaguliwa kwa programu ya PROPKA kwa pH 7.2, iliyo karibu na ile ya ndani ya chembe nyekundu. Muhimu zaidi ni His146 ya beta: katika umbo lisilo na oksijeni hubeba protoni na kushikana na Asp94. Ukiiachia programu iamue yenyewe, huenda ikaifanya isiwe na chaji na mshiko huo ukavunjika bila onyo.

Juma la 3: FoldX, na swali lisilo sahihi

FoldX, programu inayokadiria jinsi badiliko linavyogusa uthabiti wa protini, huchukua dakika, siyo siku, kwa hiyo ndiyo ya kwanza. Hatua ni RepairPDB (kurekebisha umbo) mara moja, kisha BuildModel (kuweka badiliko) kwa marudio 5. Orodha ya mabadiliko huandikwa kwa mpangilio wa herufi ya asili, mnyororo, namba, herufi mpya, mfano `EB6V,ED6V;` na nukta mkato ya mwisho isisahaulike. Minyororo yote ya beta ibadilishwe kwa pamoja. Kwenye 2HBS kazi ni ya kinyume, V kwenda E, na ishara ya jibu igeuzwe.

Jibu la uthabiti wa E6V lilikuwa dogo kuliko kosa la chombo chenyewe. Hiyo siyo hitilafu ya FoldX. Himoglobini S imekunjika sawasawa, na ikibeba oksijeni huyeyuka kama ile ya kawaida. Nafasi ya 6 iko juu, kwenye ngozi ya protini, mbali na kiini. Mwenye kuuliza "je, protini imeharibika?" atajibiwa "hapana", na jibu hilo ni la kweli. Madhara yanatokana na kitu kilichoongezeka, yaani mshiko mpya kati ya molekuli na molekuli.

Tuligeukia AnalyseComplex, amri ya FoldX inayopima mshiko, kwenye jozi ya molekuli mbili. Hapo E6V ilianza kujitenga na E6, lakini tofauti bado ni nyembamba. Hesabu ya kuweka ukutani: kwa nyuzi 37 za Selsiasi, kilokalori 1 kwa moli ni karibu mara 5 katika nguvu ya mshiko. Waliotengeneza FoldX waliripoti mwaka 2002 kupotoka kwa karibu kilokalori 0.8 kwa moli, yaani mara 3.7 kuelekea upande wowote. Mguso mmoja wa selimundu ni dhaifu kiasi kwamba unajificha ndani ya kosa hilo. Kinachoufanya uue ni wingi: uzi mmoja una nyuzi ndogo 14, karibu nanomita 21 kwa upana, na muda wa kusubiri kabla nyuzi hazijatokea hutegemea mkusanyiko wa himoglobini kwa kipeo kinachokaribia 30. Ndani ya chembe nyekundu mna gramu 32 hadi 36 kwa desilita, wakati himoglobini S isiyo na oksijeni huanza kushindwa kuyeyuka ikifika 16 au 17 hivi.

Juma la 4

AlphaFold, programu ya kutabiri umbo la protini, ilijaribiwa kwa sababu kila mgeni anayeingia chumbani huiuliza. Ukiipa mnyororo wenye valini na ule wenye glutamati, inakupa umbo lilelile. Haikutengenezwa kupima badiliko la asidi amino moja, na mguso dhaifu wa molekuli mbili nzima haiuoni. Imefungwa.

AlphaMissense ya 2023, inayokadiria madhara ya badiliko la asidi amino, tunaiweka kama safu ya kumbukumbu tu. Sehemu ya mafunzo yake huyahesabu mabadiliko yaliyoenea kwa watu kuwa hayana madhara. Sikoseli imeenea huku kwetu kwa sababu aliye na nakala moja hukingwa dhidi ya malaria kali. Kuenea kwa namna hiyo hakumaanishi usalama.

Juma la 5 na 6: hemu

Majuma mawili yamekwenda kwenye hemu, kipande chenye chuma kinachoshika oksijeni, na kwa yeyote atakayeiga himoglobini hapa ndipo pa kukaa na kusoma taratibu.

Seti ya vigezo vya nguvu kati ya atomu ni CHARMM36m, programu ya uigaji ni GROMACS. Kila mnyororo una hemu yake, na chuma cha hemu hushikwa na histidini: His87 kwenye alfa, His92 kwenye beta. `pdb2gmx`, amri ya GROMACS ya kuandaa protini, huunda kifungo hicho kwa kusoma faili la `specbond.dat`, ambalo linatarajia umbali wa nanomita 0.20 na kukubali asilimia 10 juu au chini. Himoglobini isiyo na oksijeni chuma chake kimejitokeza kidogo nje ya bapa la hemu, na umbali unacheza karibu na 0.21 hadi 0.22. Hemu kadhaa ziko ndani ya mpaka, nyingine zinauvuka kwa unywele. Zinazovuka hazifungwi, na programu haitoi kosa lolote. Inanyamaza.

Dalili ilionekana baadaye, kwenye uigaji: hemu mbili zilianza kusogea ndani ya mfuko wake kama jino linalocheza. Dawa ni kunakili `specbond.dat` kwenye folda ya kazi, kubadilisha 0.20 iwe 0.22, na kuhesabu mistari inayoanza na neno `Linking` kwenye matokeo. Kwa molekuli mbili lazima iwe 8. Ikiwa 6, simama.

Jambo la pili linalofungamana na hilo: kifungo hakiwezi kuvuka kutoka sehemu moja ya topolojia (orodha ya atomu na vifungo) kwenda nyingine. Kwenye faili la PDB hemu zote ziko mwisho, baada ya minyororo yote. Zihamishwe, kila moja ikae mara baada ya mnyororo wake, kisha utumie `-merge interactive` na kuunganisha kila hemu na mwenyeji wake. Kazi ya mkono, inachosha, lakini njia ya `-merge all` ilitupa topolojia moja kubwa ambayo baadaye ilisumbua kwenye kutenganisha molekuli mbili kwa uchambuzi.

Sanduku ni dodekahedroni, ambalo hujazwa kwa asilimia 71 tu ya ujazo wa mchemraba wenye nafasi ileile kati ya picha na picha. Ukingo ni nanomita 1.2. Upana wa sanduku ulitoka karibu nanomita 14, yaani takriban molekuli 60,000 za maji, na jumla ya atomu karibu laki mbili. Chumvi ni NaCl ya 0.15 molari. Halijoto ni kelvini 310, hatua ya femtosekunde 2, ukomo wa nguvu nanomita 1.2 na swichi kuanzia 1.0 kama CHARMM inavyotaka. Kutuliza kulifanywa hadi nguvu kubwa kabisa ikashuka chini ya 1,000, kisha joto, kisha shinikizo, protini ikiwa imeshikwa na kuachiwa kidogo kidogo.

Tulihifadhi protini na hemu tu kwenye mkanda wa matokeo, kila pikosekunde 10. Ukihifadhi na maji, nanosekunde 200 hula karibu gigabaiti 15. Bila maji ni moja na nusu hivi. Kwa anayenakili faili kwa intaneti ya huku, tofauti hiyo ni ya siku.

Juma la 7: umeme, joto, wadudu

Mashine ni moja, yenye kadi ya michoro ya RTX 3090. Umeme ulikatika mara nne juma hili. GROMACS huandika faili la kuendelezea kila dakika 15 isipoambiwa vingine, kwa hiyo hasara ya kukatika ghafla ni robo saa, na tatizo kubwa ni diski iliyokatizwa katikati ya kuandika. UPS yetu (betri ya akiba) inatoa dakika chache tu mzigo ukiwa kamili. Tumeiunganisha kwa programu ya NUT: umeme ukikosekana kwa sekunde 60, `mdrun`, amri inayoendesha uigaji, hupelekewa ishara ya kusimama (TERM), huandika faili lake na kusimama vizuri, kisha mashine huzimwa. Kuendeleza ni `-cpi state.cpt`. Tulijaribu kwa kuchomoa waya wa ukutani kwa makusudi mara tatu kabla ya kuamini.

Joto nalo. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa kama sehemu ya kumi, na feni inasukuma hewa pungufu kwa mzunguko uleule. Kadi ilikuwa ikijipunguza kasi yenyewe mchana. Tumeishusha kutoka wati 350 hadi 280 kwa `nvidia-smi -pl 280`. Kasi iliyopotea ni ndogo na mashine sasa haipandi na kushuka.

Halafu wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda kama moshi mwezi unapoandama. Dirisha likiachwa wazi jioni moja tu, chujio la mbele linakuwa blanketi jeusi. Soksi nyembamba ya nailoni juu ya chujio, ibadilishwe kila asubuhi. Hakuna mwongozo wa GROMACS unaolitaja hilo.

Juma la 8 na 9: mbio za kwanza

Kila mfumo umekimbizwa mara tatu, nanosekunde 200 kila mara, kasi za kuanzia zikiwa tofauti: S, A iliyowekwa kwenye nafasi ya S (yaani V6E), na S yenye T87Q kwenye mnyororo unaopokea.

Kwanza tulipata mshtuko wa bure. Mchoro ulionyesha molekuli mbili zikiachana kwa nanomita 9 ndani ya hatua moja. Zilikuwa hazijaachana, moja ilikuwa imevuka ukuta wa sanduku na kutokea upande wa pili. Dawa ni amri ya `trjconv`, kwanza kwa `-pbc whole`, kisha `-pbc nojump` kuanzia umbo la mwanzo ambalo molekuli ziko pamoja. Mpangilio huo usigeuzwe.

Kipimo ni idadi ya atomu za mfuko zilizo ndani ya nanomita 0.45 kutoka mnyororo wa pembeni wa asidi amino ya 6. Kwenye S valini inakaa mfukoni muda mwingi katika mbio zote tatu. Kwenye V6E glutamati inatoka mapema, inageukia maji, na mguso unalegea, ingawa katika mbio moja kati ya tatu molekuli zilibaki karibu hadi mwisho kwa sababu ya miguso mingine ya pembeni. Mtu aliyekimbiza mara moja tu angeweza kuipata hiyo na kuandika kinyume.

Kuhusu sanduku: mwaka 2018 El Hage na wenzake walidai kwamba himoglobini isiyo na oksijeni haidumu katika umbo lake mpaka sanduku lifike angstromu 150. Mwaka uliofuata Gapsys na de Groot walijibu kwamba ukirudia mbio vya kutosha, athari hiyo ya sanduku haionekani. Sisi tunaegemea kwa hao wa pili, lakini tunapima kila mbio iwapo molekuli imehama kuelekea umbo la oksijeni, na sehemu iliyohama haihesabiwi.

Juma la 10: nishati huru

Kuhesabu migusano hakutoshi; nishati huru ndiyo inayosema mshiko una nguvu kiasi gani. Tulianza kwa kuzivuta molekuli mbili ziachane kwa madirisha 24 (vituo vya umbali), kila moja nanomita 0.1 mbele ya lingine. Molekuli zilizunguka wakati zikivutwa, na dirisha moja halikufanana na jirani yake hata kidogo. Bila kuzifunga zisizunguke, njia hiyo ni kupoteza umeme.

Njia tunayoendelea nayo ni kugeuza glutamati kuwa valini polepole, mara ndani ya jozi, mara kwenye molekuli iliyo peke yake, na kuchukua tofauti ya hizo mbili. Topolojia mseto, yenye asidi amino zote mbili kwa pamoja, inatoka kwa programu ya pmx. Kinachoharibu hapa ni chaji: E6V inafuta chaji hasi moja, na sanduku lote linabaki na chaji ambayo hesabu ya nguvu za mbali haiipendi. Kwa hiyo ioni moja ya sodiamu, iliyowekwa mbali na protini na kushikwa isisogee, inazimwa wakati huohuo. Geuza mnyororo unaoingia mfukoni tu. Ukigeuza wa pili unaongeza kelele bila faida.

T87Q haina shida ya chaji, kwa hiyo ndiyo iliyokwisha kwanza, marudio 5. Ishara imetoka sawa: glutamini kwenye nafasi ya 87, iliyo kati ya Phe85 na Leu88, inaibana valini isikae. Ndiyo asidi amino iliyopo pale kwenye mnyororo wa gama wa himoglobini ya mtoto tumboni na kwenye delta ya himoglobini A2, na zote mbili huzuia nyuzi. Ukubwa wa jibu bado unayumba kati ya marudio kuliko tunavyotaka. Tunaripoti ishara, hatuandiki namba.

Juma la 11: tuliyoyaondoa

E26K imeondolewa kwenye hesabu. Badiliko hilo la herufi hufungua mahali pa ziada pa kukata RNA, na sehemu kubwa ya madhara yake ni mnyororo wa beta kutengenezwa kwa uchache. Umbo la protini halina habari hiyo, na modeli yoyote ya umbo itakayotoa jibu la kuridhisha kuhusu E26K imebahatisha.

E6K imebaki lakini na maelezo. Laisini haiingii mfukoni, na hilo modeli inalionyesha vizuri. Anayerithi S upande mmoja na C upande mwingine huugua kwa sababu C hukausha chembe nyekundu na kuongeza mkusanyiko wa S ndani yake, na hapo ndipo kile kipeo cha 30 kinapofanya kazi. Hakuna atomu ndani ya sanduku letu inayolijua hilo.

E121Q na E121K ziko nje ya mfuko wa Phe85 na Leu88, kwenye mguso mwingine wa uzi. Jozi moja ya molekuli haitoshi. Zinahitaji angalau molekuli nne, na atomu zaidi ya laki tatu. Zinasubiri mashine.

Juma la 12

E6V ya kubadilishwa polepole iko kwenye marudio ya tatu kati ya matano. Madirisha mawili ya katikati hayapishani vya kutosha na yameongezewa mengine matatu kati yake. Diski ya nje imejaa hadi asilimia 91. Mbio za juma la 5 zilizokuwa na hemu zisizofungwa zimefutwa, isipokuwa moja iliyobaki kwa kufundishia. Soksi za chujio zimekwisha, zinunuliwe kabla mwezi haujaandama.